Kopo la Mvua

Zawena alishuka mlimani mbio, amekumbatia kopo la kupimia mvua. Lilikuwa limejaa pomoni kwa nusu saa tu.

"Tokeni mtoni! Maji yanakuja!"

Wachimba mchanga wakaangua kicheko. "Mwaka jana ulitukimbiza bure, Bibi Hesabu."

"Mwaka jana msitu uliyanywa. Sasa mmeukata, yote yanateremka kwenu!"

Msimamizi wao, Kibwana, alipanda ukingoni, akamzaba kofi, akalipasua kopo kwa sururu, kisha akarudi mtoni.

Bonde likanguruma. Wenzake wakatimua mbio, wakamwangusha na kumkanyaga. Alipoinuka, maji yalikuwa yamemfika kifuani.

Zawena akalala kifudifudi ukingoni, damu ikimtoka mdomoni, akanyoosha mkono. Kibwana akamnyooshea mpini wa sururu.