Chupa ya Bwana Pampu

Bwana Pampu alikuwa amechuchumaa kwenye kisima cha shemeji yake, chupa mkononi, akijiambia kwamba huu si wizi. Maji ni ya Mungu. Ila kama ni ya Mungu, mbona alikuwa akichungulia mlango wa shemeji kila mara?

Chupa ilikuwa na jina lake. Mpimaji wa maji alikuwa amegawa chupa kila nyumba, kila mtu ajaze mwenyewe. Kwenye mkutano alieleza kwamba pampu kubwa za kumwagilia zikivuta bila kupumzika, zinaweza kuteremsha sumu ya aseniki hadi kwenye maji ya kunywa. Sumu yenyewe haina rangi wala harufu, hivyo baada ya kupima angepaka kisima chenye sumu nyekundu, na kilicho safi kijani. Watu wote wakageuka kumtazama Bwana Pampu. Jina halikumsaidia.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, humwagilia bustani kwa kopo na kuhubiri juu ya kiasi. Maji ya mtu kama huyo yangekosaje kuwa safi?

Na binti yake alishatamka kwenye simu: "Baba, kisima kikipakwa nyekundu, mtoto simleti hapo." Mjukuu alikuwa na miezi saba na babu hajambeba hata mara moja. Basi babu akaamua kudanganya. Kwamba mtoto angekunywa maji, si rangi, hilo halikumpitia kichwani. Kichwa kilishajaa hamu, akili ikakosa pa kukaa.

Akirudi, alikutana na shemeji akitoka uani kwa Bwana Pampu, mkono mfukoni.

"Nilikuja kuazima jembe, shem."

Hakuwa na jembe. Wakasalimiana kwa heshima kupita kawaida, kila mmoja akaharakisha kwake. Uani, Bwana Pampu alikuta bomba lake, ambalo huvuja siku zote, limefungwa barabara. Akajipongeza: kumbe ameanza kuwa mtu makini.

Wiki iliyofuata mpimaji alirudi na rangi. Kisima cha Bwana Pampu, nyekundu. Cha shemeji, kijani.

"Kipimo chako kimekosea!" Bwana Pampu alifoka.

"Umejuaje, mzee?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Bwana Pampu haikufika hata getini. Shemeji naye, badala ya kufurahi, aliitazama tu rangi yake.

Binti alikuja Jumamosi, lakini akafikia kwa mjomba wake, kwenye kijani. Bwana Pampu alikwenda huko akijifariji: huenda kipimo cha kijani ndicho cha kweli, huenda Mungu amemsitiri. Alipoingia, mkewe alikuwa amempakata mtoto, na binti anakoroga maziwa ya unga kwa maji ya kisima. Kikombe kikainuliwa. Mjukuu akamcheka babu yake, mdomo wazi, hana hata jino.

Bwana Pampu alikipiga kikombe kikaruka hadi ukutani.

"Asinywe! Chupa yangu niliijaza hapa. Sumu ni ya kisima hiki!"

Mkewe aliziba mdomo kwa mkono. Binti akamtazama kama asiyemjua. Aibu ikamchoma mpaka masikioni, lakini mtoto hakuwa amekunywa, na hilo lilimtosha.

"Nichekeni tu," alisema. "Maji yamejaa dunia nzima, mimi nimekwenda kuiba yenye sumu."

Alimgeukia shemeji, tayari kutukanwa. Shemeji alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

"Basi mchanganyieni mtoto maziwa kwa maji ya kwako," alisema.

"Wewe nawe! Ya kwangu hayajapimwa!"

"Yamepimwa, shem," alijibu shemeji kwa sauti ya chini. "Ndiyo niliyotia kwenye chupa yangu."