Samaki wa Alhamisi

Majiko ya mji yaliruhusiwa kuwaka Jumapili tu, basi Ruzuna, kama kila mtu, alipika siku hiyo chakula cha wiki nzima na kukigawa kwenye vyombo, kila siku na chombo chake. Alhamisi jioni alirudi kazini hoi kwa njaa, akamkuta mama yake mlangoni, katoka safari bila taarifa.

"Shikamoo, mama. Chakula cha leo nimeshakimaliza."

"Marahaba. Usihangaike, mwanangu, nimekula njiani."

Ruzuna akajifungia bafuni na chombo chake, akafungulia maji, akala samaki wa nazi upesi upesi. Alipotoka, mama alimtazama kwa upole.

"Nazi umeitia vizuri," alisema. "Inanukia mpaka huku."

Ruzuna alibaki amesimama, mikono ikinuka samaki, asijue aiweke wapi.