Taulo la Mama Félicité

Kila alfajiri Mama Félicité alitupa taulo begani, akapita nyuma ya nyumba kwa mwendo wa mwizi, akateremka mtoni. Na kila alfajiri binti yake Yolande alimchungulia dirishani, uso ukimwaka kwa haya.

Bafu lilikuwepo uani, la mabati na pazia. Lakini ndilo alilooga Sadrack, mume wa Yolande, na kwao mama mkwe hakanyagi pale mkwe wake anapovua nguo. Bokilo, yaani mkwe, ni mtu wa kuinamiwa. Hata wazazi wa pande mbili husalimiana kwa mbali. Tangu mama atoke Isangi, maji yalipobeba nyumba yake, hakuna aliyemuuliza anaoga wapi. Ni mambo yasiyoulizwa. Alirudi jua likiwa limepanda, akining'iniza taulo kwenye kamba, nalo halikudondosha hata tone. Jua la njiani, Yolande alijiambia.

Aliyeuliza ni jirani.

"Yolande, dada," Bijou alisema kutoka ng'ambo ya ua, kwa sauti ya kufika barabarani, "mume yako iko na pikipiki, iko na telefone ya kugusa, lakini mama yako anaoga na samaki? Siku moja watamuvua na nyavu!"

Akacheka peke yake. Yolande aliingia ndani, akajifanya anatafuta chumvi.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na matofali aliyoyachoma Sadrack, ya kutosha chumba kimoja kidogo. Kimoja tu. Sebuleni mlijaa magunia ya samaki wa moshi aliyokuwa akiuza; wageni waliyaegemea wakinywa chai, na mvua ikipita chini ya mlango, ukungu uliyapanda. Sadrack alitaka depo, ghala la kuyaweka. Mtu yeyote mwenye akili angetaka depo.

"Tujenge douche," Yolande alisema. "Mama apate pa kuogea."

Sadrack aliinamia sahani. "Tujenge depo. Mama yako hatahitaji ile douche."

"Hatahitaji namna gani? Mama iko mutu ao iko bata?"

"Nimesema tu."

"Unataka arudi Isangi? Ao unangoja akufe?"

"Bon, Yolande, wacha." Akainuka bila kumaliza mboga yake ya pondu, masikio yamemwiva.

Sasa Yolande alikuwa na haya mbili: ya mama anayeoga mtoni kama mtu asiyezaa, na ya kuolewa na moyo wa jiwe. Akafanya wanalofanya wanawake mume akiziba masikio. Akaenda kwa baba wa mume.

Papa Dominique, baba wa Sadrack, alikuwa mjane. Aliishi karibu na maporomoko, pale mitego mikubwa inapofungwa kwenye miti juu ya maji. Yolande alimkuta anashona wavu. Alikunja magoti kumsalimia, akasema yote, machozi yakitangulia maneno.

"Papa, mama anaamuka na giza kila siku, kwa sababu ya haya ya mwana yako. Kule kuko nyoka, kuko mamba. Papa, mutusaidie kusema."

Mzee alikohoa. Sindano ikamchoma kidole.

"Ile... ile haiko muzuri," alisema bila kuinua macho. "Mama mutu muzima. Nitasema na Sadrack."

Na kweli alisema. Juma lile lile Sadrack alichanganya saruji kimya kimya, akajenga bafu: mlango wa mbao, kufuli, sakafu inayoteremsha maji hadi shimoni. Magunia yakabaki sebuleni. Mvua iliyofuata ikaozesha mawili. Sadrack aliyabeba mwenyewe, akayamwaga, hakumlaumu mtu. Yolande alimtazama akirudi mikono mitupu, akatamani kumwomba radhi kwa lile jiwe alilomwekea kifuani. Haya zikamfunga mdomo.

Alimpa mama ufunguo kwa mikono miwili. Mama aliupokea kama anapokea kaa la moto.

"Aksanti, mwana. Aksanti sana. Mungewacha tu kujichokesha."

Kesho yake: taulo begani, nyuma ya nyumba, mtoni.

Yolande alisimama mbele ya bafu jipya. Kufuli halikuguswa. Akaingia chumbani kwa mama. Sabuni aliyomnunulia siku ile alipofika ilikuwa juu ya sanduku, kavu, herufi zake bado zinasomeka. Maskini mama, aliwaza. Haya zimemzidi mpaka anasahau sabuni. Akaichukua, akamfuata.

Chini kule alianza kusikia kicheko. Hakukijua. Kilikuwa kicheko cha msichana.

Nyuma ya mwamba, Mama Félicité alikuwa ameketi kwenye ukingo wa mtumbwi, amevaa kitenge chake cha misa, nywele kavu, taulo limetandazwa mapajani kama kitambaa cha meza. Juu yake samaki wa kuchoma. Mwanaume aliyempa Yolande mgongo alikuwa amepiga magoti mbele yake, akitoa miiba mmoja mmoja, akimlisha kwa vidole.

Sabuni ilimponyoka Yolande, ikagonga jiwe.

Mama alijivutia taulo usoni, samaki na yote. Mwanaume akageuka polepole, vidole vinang'aa mafuta.

"Yolande," alisema Papa Dominique, macho chini, "Sadrack hajakuambia?"