Sahani Kavu

"Hana njaa, amesema mwenyewe," nilimkatiza binti yangu. "Na wewe omba mchuzi kwa Kiingereza, la sivyo utakula wali mkavu."

"Mama, Bibi ana njaa! Jana nilimkuta jikoni anakwangua ukoko kwenye sufuria, amesimama."

Nikamgeukia mama yangu. Tangu aje kututembelea, kila jioni alisema uzee umemziba tumbo, nasi tukacheka.

Sheria ya meza ilikuwa yangu: chakula kinaombwa kwa Kiingereza, na asiyejua jina la kitu hapewi. Niliiweka kwa ajili ya mtihani wa mtoto, aweze kutaja vitafunio na milo yote bila kigugumizi. Mama, ambaye hajui Kiingereza hata cha kuombea maji, sikumfikiria kabisa. Wala sikumwambia kwamba yeye haimhusu.

"Usimgombeze mjukuu wangu," alisema taratibu. "Kila nyumba na sheria zake. Mimi ni mgeni tu."

Mgeni! Mikono ile ndiyo iliyonilisha. Sasa kidole chake kilikuwa kinazunguka ukingo wa sahani, polepole, kama anayefuta mchuzi. Sahani ilikuwa kavu, haina hata punje.

Nikachukua upawa. Nikampakulia wali hadi ukafanya kilima, nikaweka juu yake paja la kuku nililokuwa nimejitengea.

"Mama," nikasema kwa Kiswahili, mbele ya mtoto, "nikuwekee na mchuzi?"