Mzigo Usio na Mwenyewe

Zamoyoni, muuza magauni mtandaoni, alisafiri mwenyewe hadi ofisi ya mabasi ya mji wa mteja wake.

"Gauni nililituma kwenu, mkalipoteza! Mtamlipa mama huyu!" alimfokea karani mbele ya abiria.

Mteja, Mama Nasra, aliinamisha macho. Harusi ya bintiye ilikwisha kupita.

Karani alivuta kifurushi chenye vumbi chini ya meza. "Labda hiki. Hakina jina, kina namba tu. Tumeipigia mpaka tukachoka, mwenyewe anakata."

Akaipiga tena.

Simu ikaita ndani ya mkoba wa Zamoyoni.

Abiria wakageuka kuutazama mkoba.

"Pokea, mwanangu," Mama Nasra alisema taratibu.

Zamoyoni aliubana mkoba kifuani kwa mikono miwili, na simu ikaendelea kuita.