Kikombe Namba 4417

Kwa wananchi wote wa Kitale, Bungoma na viunga vyake: historia ya taifa imepatikana. Ilipatikana nyuma ya jiko la kuni, imejaa masizi, na ndani yake alikuwemo mende mmoja, naye marehemu.

Historia yenyewe ilikuwa kikombe cha bati. Aliyeitangaza ni Jerop, mwenye umri wa miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa chuo kimoja cha Bungoma, aliyekuwa akifanya mazoezi ya kazi katika nyumba ya mzungu fulani wa zamani, nje kidogo ya Kitale. Nyumba hiyo sasa ni makumbusho. Ina kinanda, bunduki isiyolia, na vichwa vitatu vya swara vinavyomkodolea macho kila mgeni kana kwamba ndiye aliyeua.

Jerop alipewa kazi ya kupanga maonyesho ya jikoni. Alikuwa na picha moja tu: mpishi wa mzungu amesimama mlangoni. Nyuma ya picha pameandikwa kwa penseli, "Wabwile wa Kimilili, 1964."

"Picha peke yake ni kalenda," alisema Bwana Kipkemei, msimamizi wa makumbusho. "Nataka kitu alichokishika huyu mtu. Ijumaa ikifika sijakiona, fomu yako ya mazoezi sitaitia sahihi."

Alhamisi, kikombe kikapatikana.

Chini yake palikuwa na namba iliyokwaruzwa: 4417. Jerop akaandika kibandiko kwa mwandiko wa heshima: "Kikombe cha mpishi Wabwile. Yaelekea hii ilikuwa namba yake ya kazi." Bwana Kipkemei akatia sahihi papo hapo, kisha akapigwa picha mbili na kikombe, moja akitabasamu.

Jumatatu redio ikatangaza. Jumatano akaja mzee mmoja, amevaa koti la Jumapili.

"Mimi ni Hiram Wabwile, natoka Kimilili. Huyo kwa picha ni baba."

Akaeleza. Mzungu alipouza shamba na kwenda zake, mpishi hakurudi nyumbani, wala hakuandika. Hiram alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni.

"Mama bado yuko. Themanini na minane. Kila tukimwambia tumzike baba kwa mgomba, vile tunafanyia mtu aliyepotea, anakataa. Ati hawezi kuzika mgomba mtupu, lazima uende na kitu cha mumewe. Sasa ameanza kukataa hata chakula."

Jerop akakishika kikombe kwa mikono miwili.

"Mimi pia nilikuwa mpishi," mzee akaendelea, akinyoosha mkono. "Miaka thelathini, shule ya wasichana ya bweni, pale kwetu. Hebu nikione."

Jerop hakukitoa upesi. Mzee akakipokea, akakipindua, akasoma chini. Akaisoma namba tena, kisha akamtazama Jerop.

"Nani alikiona?"

"Mimi, mzee."

"Wapi?"

"Nyuma... nyuma ya jiko."

"Haya, msichana wangu. Nipatieni nimpelekee mama."

Bwana Kipkemei, ambaye huwa haazimi hata kalamu, alikubali kikombe kitoke, ila Jerop akisindikize mwenyewe siku ya mazishi. Siku tatu zikapita. Mara mbili Jerop alishika simu ampigie mzee. Mara mbili akairudisha mfukoni.

Jumamosi, Kimilili, mgomba ulikuwa umefungwa shuka jeupe na kulazwa ndani ya jeneza. Mama mzee akaketishwa karibu, akaletewa uji katika kile kikombe. Akakizungusha mkononi. Akanywa funda moja, akafunga macho.

"Ni chake," akasema. "Naujua ukingo huu."

Wanawake wakaangua kilio. Mama mzee akanywa uji wote, akaomba mwingine.

Mhubiri alipoanza sala, Hiram akamsogelea Jerop na kuinama sikioni mwake.

"Elfu nne mia nne kumi na saba," akanong'ona. "Namba yako ya shule. Si ni wewe ulikuwa unarudi foleni ya uji mara ya pili, unajifanya hujapata?"

Jerop akafungua mdomo.

"Nyamaza, bana. Hata mgomba si baba."

Kikombe kikashushwa kaburini pamoja na jeneza. Kisha wakaniita mbele, mimi Jerop, mgeni wa heshima kutoka makumbusho. Nikachota udongo, nikautupa juu ya kikombe changu.