Kanda kutoka Jeddah

Fundi Pyo alipofungua kifuniko cha kicheza kanda cha bibi mmoja, harufu ya samaki ilimpiga puani. Kapasita tatu, vikopo vya umeme vidogo kama punje za mchele, zilikuwa zimevuja maji makali na kuila shaba.

"Bibi, ulificha samaki humu?"

"Samaki wangu nawala, siwafichi. Tengeneza, maneno baadaye."

Mume wa bibi alikwenda Jeddah kujenga barabara, na badala ya barua akatuma kanda ya sauti yake. Ilifika Seoul baada ya habari za kifo chake. Kwa miaka ishirini bibi alikosa moyo wa kuisikiliza, kisha akanunua kicheza kanda hiki cha mkononi, tayari kikuukuu. Tangu hapo aliisikiliza kila jioni.

Pyo alizitoa kapasita mbovu, akaziweka kwenye kizibo cha chupa, akachomelea mpya. Mota iliyokuwa ikijikokota ikashika mwendo. Akabonyeza kitufe, kanda ikaanza.

Sauti nyepesi ya kijana ikauliza kama kimchi, kabichi ya pilipili ya kula majira ya baridi, imeshatiwa mtungini.

"Huyu mtoto ni nani?" bibi aliuliza.

"Ndiye yeye. Kanda ilikuwa inazunguka polepole, ndiyo maana ukamsikia mzito."

"Mume wangu ana sauti nzito. Rudisha vile vya zamani."

"Vitaila mashine, bibi. Mwakani haitasema kabisa."

"Rudisha."

Pyo akanyoosha kidole kuizima.

"Subiri. Hapa ndipo anapolia. Mwache alie kwanza."

Pale pale, ndani ya kanda, kijana akacheka. Akacheka sana, mpaka akapaliwa.

Bibi akakisogeza kile kizibo chenye kapasita mbovu mbali na mkono wa fundi.